Huzuni ya wawili: ni moja au ni mbili?

Baba na mama wamesimama kando ya mwili wa mtoto wao. Hakuna anayemweleza mwenzake anavyojisikia. Anaingia rafiki wa familia, anawatazama, naye machozi yanamlengalenga. Mfano huu ni wa Max Scheler (1874–1928), mwanafalsafa wa Ujerumani. Rafiki, anasema, anawahurumia wafiwa. Huzuni yao iko mbele yake, anaiona. Wazazi hawahurumiani. Wanaomboleza huzuni ileile moja.

Moja kweli? Baba akipitiwa na usingizi, mama anabaki macho na uchungu wake. Edith Stein, mwanafalsafa mwingine wa Ujerumani, katika tasnifu yake iliyochapishwa mwaka 1917, alikubali kwamba “sisi” ipo na inahisi, ila ndani yake “mimi” na “wewe” hawafutiki. Mimi naegemea kwa Stein.

Kwa René Descartes, mwanafalsafa wa Ufaransa, swali hili lisingezuka mapema hivyo. Mwaka 1641 aliandika kwamba akichungulia dirishani anaona kofia na makoti tu, ambayo huenda yamefunika mashine. Kwamba ni watu, hilo ni hukumu ya akili yake. Kwake nafsi ina uhakika wa kuwapo kabla haijawajua wengine.

Wengi humpambanisha na John Mbiti, mwanafalsafa na mwanatheolojia wa Kenya, aliyeandika mwaka 1969 kwamba nipo kwa sababu tupo. Pambano hilo limetiwa chumvi. Descartes anatafuta asichoweza kukitilia shaka. Mbiti anaeleza mtu anavyojitambua kupitia watu wake. Ni maswali mawili.

Ubishi mkali zaidi uko miongoni mwa wanafalsafa wa Kiafrika wenyewe. Ifeanyi Menkiti wa Nigeria alidai mwaka 1984 kwamba mtu hazaliwi akiwa mtu kamili. Utu huupata kadiri anavyokua katika jamii na kubeba wajibu wake, na anaweza kuukosa. Kiswahili kinamwelewa upesi: anayesema “yule si mtu” hamaanishi kwamba ni jiwe. Kwame Gyekye wa Ghana alikataa kwenda umbali huo. Jamii humlea mtu, alisema, lakini uwezo wa kufikiri, kuchagua, hata kuipinga jamii hiyo, haukutoka kwa jamii.

Sasa mrudishe yule baba, safari hii akiwa na macho makavu huku waliomzunguka wakinong’ona kwamba hana utu. Menkiti ana kazi ya kuwajibu. Gyekye, nadhani, angewaambia wamwache aomboleze anavyoweza.