Chama kilichofufuliwa na Zuhura

Wanafunzi wangu wa historia ya sayansi huja darasani wakimjua Benjamin Franklin wa kishada na radi. Mimi huwaanzishia kwenye waraka aliouchapisha Philadelphia Mei 14, 1743, akipendekeza jumuiya moja ya watu wa elimu kwa makoloni yote ya Waingereza huko Marekani. Franklin alipanga kila kitu. Philadelphia wawepo daima wanachama wasiopungua saba, wakiwemo tabibu, mjuzi wa mimea, mwanahisabati, mkemia na fundi mitambo. Wakutane walau mara moja kwa mwezi. Kila mwanachama atoe angalau sarafu moja ya fedha ya Kihispania kwa mwaka. Barua zao zipite posta bila malipo, na mkuu wa posta wa mji alikuwa Franklin mwenyewe.

Pamoja na mipango yote hiyo, chama kilidorora. Mwaka 1745 Franklin alimwandikia Cadwallader Colden wa New York akilalamika kwamba wanachama ni mabwana wavivu sana, hawataki kujisumbua. Haukupita muda mrefu kikafa bila hata kuagwa.

Wengi huchukua neno la Franklin jinsi lilivyo na kulaumu uvivu. Mimi sikubaliani nao. John Bartram, aliyekuwa naye bega kwa bega tangu mwanzo, alikuwa mkulima aliyezunguka misituni akikusanya mbegu na miche na kuipeleka London kwa Peter Collinson. Huyo huwezi kumwita mvivu. Shida ni kwamba kila mwenye jambo jipya alikuwa na mtu wake London wa kumwandikia, na sifa ilitoka kwenye Jumuiya ya Kifalme, chama cha wanasayansi cha huko. Kwa nini basi asubiri kikao cha mwezi ili awasomee majirani zake? Chama kilikuwa na ada na kanuni, ila hakikuwa na kazi ambayo mtu mmoja asingeiweza peke yake. Kazi hiyo ililetwa na sayari ya Zuhura.

Wanaastronomia wa karne ya 18 walijua uwiano wa umbali wa sayari kutokana na kanuni za Kepler za mwendo wa sayari. Walijua, kwa mfano, kwamba Zuhura iko mbali na Jua kwa takriban asilimia 72 ya umbali wa Dunia. Ila huo umbali wa Dunia wenyewe ni maili ngapi? Hapo ndipo walipokwama. Nyoosha mkono, simamisha kidole gumba, kisha funga jicho moja na baadaye lile jingine: kidole kitaonekana kuhama ukutani. Zuhura inapopita mbele ya Jua, watu walio sehemu mbalimbali za Dunia huiona ikikata uso wa Jua kwenye mistari tofauti kidogo na kwa nyakati tofauti kidogo. Ukijua watazamaji wako wapi hasa, na saa zao zikiwa sahihi, tofauti hiyo inakupa umbali wa Jua.

Mipito hii huja miwili ikiachana miaka 8, kisha zaidi ya karne nzima hupita. (Wa Juni 8, 2004 ulionekana wote hapa Afrika Mashariki.) Ule wa 1761 ulishapita. Uliofuata ungekuwa Juni 3, 1769, na atakayeukosa angesubiri hadi 1874.

Tarehe kama hiyo haina ahirisho. Philadelphia ya miaka ya 1760 ilikuwa na jumuiya mbili za elimu zilizovutana, moja kila upande wa siasa za Pennsylvania. Januari 2, 1769 ziliungana na kuwa Jumuiya ya Falsafa ya Marekani. Hivyo wazo la Franklin likafufuka, naye akachaguliwa rais ilhali yuko London. Baraza la kutunga sheria lilitoa paundi 100 za kununua darubini na 100 nyingine za kujenga kituo cha kutazamia.

Jumuiya iligawa watu vituo vitatu: uwanja wa jengo la baraza hilo mjini Philadelphia, Cape Henlopen kwenye mlango wa ghuba ya Delaware, na Norriton, shambani kwa David Rittenhouse. Rittenhouse alikuwa fundi saa. Kwa ajili ya siku hiyo alijenga kibanda cha kutazamia na kutengeneza kwa mikono yake saa ya pendulo, kisha akakaa akiilinganisha na mwendo wa Jua na nyota, kwa sababu saa isiyojulikana kosa lake ingeharibu kila kitu.

Siku ilikuwa nyeupe, bila wingu. Zuhura iligusa ukingo wa Jua baada ya saa nane mchana, na Jua lingezama kabla haijamaliza safari yake, hivyo walikuwa na mwanzo tu wa kupima. William Smith, aliyekuwa Norriton, aliandika juu ya ukimya mzito uliowashika watu pale. Benjamin Rush, katika hotuba ya kumsifu marehemu Rittenhouse mwaka 1796, alisimulia kwamba furaha ya dakika ile ilimlemea fundi huyo hadi akazirai.

Kisa hicho hupendwa sana, lakini mimi huvutiwa zaidi na yaliyofuata. Watazamaji wa kituo kimoja, chini ya anga moja, waliandika nyakati zilizopishana kwa sekunde kadhaa, maana ukingo wa Zuhura hauachani na ukingo wa Jua kwa mkato safi. Nyakati hizo hazikufichwa. Wakapima pia ardhini nafasi ya Norriton kutoka Philadelphia ili vipimo vya vituo hivyo viweze kulinganishwa, wakapeleka matokeo kwa Nevil Maskelyne, mwanaastronomia wa mfalme, aliyeyasifu, na mwaka 1771 yakachapishwa katika juzuu la kwanza la jarida la jumuiya. Mwaka huohuo Jérôme Lalande wa Ufaransa, akitumia vipimo vya 1761 na 1769 kutoka pande nyingi za dunia, alipata umbali wa Jua wa takriban kilomita milioni 153. Leo tunajua ni milioni 149.6.

Kuna upande mwingine wa jumuiya hii ambao siwezi kuuruka. Mwaka 1791 Rittenhouse alikuwa rais wake. Mwaka huo wapinzani wa utumwa wa Pennsylvania walimletea hesabu za kupatwa kwa Jua na mwendo wa sayari zilizofanywa na Benjamin Banneker, Mwafrika huru wa Maryland, aliyejifunza elimu hiyo kwa vitabu na vyombo vya kuazima akiwa karibu na miaka 60. Rittenhouse alizipitia, akaandika kuwa ni kazi ya ajabu sana ukizingatia rangi ya aliyeifanya. Fundi saa wa shambani, ambaye naye alijifundisha mwenyewe, alishindwa kuishia kwenye usahihi wa hesabu. Banneker alitoa almanaka zake, yaani vitabu vya kalenda na mwendo wa Jua na sayari kwa mwaka, mfululizo hadi ile ya 1797, na jumuiya haikumchagua kuwa mwanachama hata mara moja.