Mtazamo wa upande ulioshindwa katika vita vya uhuru

Tukisema "mtazamo wa upande ulioshindwa", tunakusudia namna dola iliyotolewa kwenye koloni inavyovisimulia vita vilivyoitoa: inaviita nini, inasema vilianza na kumalizika lini, inahesabu maiti za nani na lawama inamtwika nani. Si lazima usimulizi huo uwe wa uongo. Mara nyingi ni ukweli uliokatwa pale panapomfaa msimuliaji.

Anza na jina, maana hapo ndipo mengi yanapofichwa. Vita vya Msumbiji vilivyoanza Chai, Cabo Delgado, tarehe 25 Septemba 1964, Frelimo, chama kilichovipigana dhidi ya Ureno, inaviita mapambano ya silaha ya ukombozi wa taifa. Serikali ya Ureno iliviita Vita vya Ng'ambo. Mtu wa mjini Unguja hahitaji kufasiriwa neno hilo: Ng'ambo ni upande wa pili wa maji, lakini bado ni mji huohuo. Ureno ilikusudia hivyo hasa. Mwaka 1951 ilibadilisha katiba, koloni zikawa "mikoa ya ng'ambo", na kwa hesabu hiyo Mmakonde aliyeshika bunduki akawa mhalifu wa ndani. Baada ya 1974 Wareno wengi walianza kusema "vita vya kikoloni". Hadi leo, jina analolichagua Mreno linakuonesha amesimama wapi, kama ilivyo kwetu Zanzibar kwa 12 Januari 1964, baina ya anayesema Mapinduzi na anayesema mavamizi.

Kwa nini dola likimbie neno "vita"? Kwanza, nchi haitangazi vita dhidi ya ardhi inayodai ni yake. Kwa sheria ya Ufaransa, Algeria ilikuwa sehemu ya Ufaransa, na mapigano ya 1954 hadi 1962 yakaitwa "matukio" au "operesheni za kulinda amani ya ndani". Bunge la Ufaransa lilikubali kuandika "vita vya Algeria" katika sheria mwaka 1999 tu, miaka 37 baadaye. Pili, ukikiri vita, unayemkamata anaweza kudai haki za mateka wa vita. Ukikataa, unamshitaki kwa mauaji na kumnyonga. Tatu ni pesa. Kule Malaya (sehemu ya Malaysia ya leo), Waingereza walisema "hali ya hatari" kuanzia 1948, na sababu inayotajwa sana ni bima: wenye mashamba ya mpira na migodi ya bati walikatiwa bima London, na bima zile hazikulipa hasara ya vita. Kenya nayo ikapewa jina hilohilo mwaka 1952. Uholanzi, iliyopeleka jeshi zima Indonesia mwaka 1947 na tena 1948, ilisema ni "hatua za polisi".

Tarehe nazo zina siri yake. Waindonesia wanahesabu uhuru wao tangu 17 Agosti 1945, siku walipoutangaza. Waholanzi kwa miaka mingi walihesabu tangu 27 Disemba 1949, siku walipokabidhi madaraka. Tofauti ya miaka minne si ya kalenda tu: ukishika ile ya pili, vita vyote vinakuwa vimepiganwa ndani ya nyumba yako.

Hapa wanafunzi wetu huchanganya. Zanzibar ilipata uhuru wa 10 Disemba 1963 kwa mazungumzo, kwa hiyo London haina vita vya uhuru vya Zanzibar vya kusimulia. Tulichonacho ni kinyume chake, 27 Agosti 1896, pale sisi tulipokuwa walioshindwa. Manowari za Kiingereza ziliipiga kasri ya Khalid bin Barghash, aliyejitangaza sultani, na watu wapatao 500 wakauawa au kujeruhiwa. Mshindi amelifanya tukio hilo kuwa mchezo wa saa, "vita vifupi kuliko vyote duniani", na sisi tunalirudia hivyo kwa wageni.

Dai la kuchunguzwa zaidi ni hili: "hatukushindwa uwanjani, tulisalitiwa nyumbani." Wapo Wareno wanaosema jeshi lao Msumbiji lilikuwa imara hadi maofisa walipopindua serikali Lisbon tarehe 25 Aprili 1974. Ni kweli Frelimo haikuuteka mji mkuu, na ni kweli operesheni kubwa ya 1970 ilivunja kambi zake za kaskazini. Kinachoachwa ni kwamba Frelimo ilizidi kupanuka mkoani Tete, na kwamba maofisa wale walipindua kwa sababu vita vya nchi tatu (Msumbiji, Angola na Guinea-Bissau), vilivyokuwa vimeua askari wa Kireno zaidi ya 8,000, havikuwa na mwisho wa kijeshi. Mapinduzi yale yalizaliwa na vita vyenyewe. Kuyaita bahati mbaya ni kuficha sababu.

Mwisho, usidhani walioshindwa ni wazungu peke yao. Jeshi la Ureno Msumbiji lilijaa Waafrika walioandikishwa hukohuko. Kwa Waalgeria waliopigana upande wa Ufaransa, wanaoitwa harki, mambo yalikuwa mazito zaidi: mwaka 1962 wengi waliachwa nyuma bila silaha wakauawa, na waliofika Ufaransa wakawekwa kambini, kama ile ya Rivesaltes. Waalgeria waliwaita wasaliti, na Ufaransa iliyowatumia haikutaka kuwaona. Rais Macron aliwaomba msamaha Septemba 2021.