Je, wajua kwa nini seli zilizobanana haziungani kama matone ya mafuta?

Dondosha matone mawili ya mafuta juu ya maji, kisha yasogeze kwa ncha ya kijiti mpaka yagusane. Kufumba na kufumbua, yamekuwa tone moja. Sasa fikiria ini lako. Humo mna mabilioni ya seli zilizobanana bega kwa bega, kila moja imevikwa utando wa mafuta, na bado hazimwagikiani. Mafuta ni mafuta. Mbona huku yanakimbiliana na kule kila mmoja anabaki kwake?

Tone la mafuta halina upande unaoyapenda maji. Lote linayakimbia, na njia rahisi ya kuyakwepa ni kujikusanya pamoja. Utando wa seli umejengwa kwa fosfolipidi, na hizi zina tabia mbili katika mwili mmoja: kichwa kinachopenda maji na mikia miwili inayoyachukia. Ukizitia majini hujipanga zenyewe safu mbili, mikia imefichwa katikati, vichwa vimeelekea maji ya pande zote mbili. Mwaka 1925 watafiti wawili wa Uholanzi, Gorter na Grendel, walitoa lipidi, yaani mafuta ya utando, kwenye chembe nyekundu za damu, wakazitandaza juu ya maji, wakakuta zinafunika karibu mara mbili ya eneo la chembe zenyewe. Baadaye ilionekana walikosea vipimo mara mbili, na kwa bahati makosa hayo yakafutana. Jibu lao likabaki sahihi: safu ni mbili. Unene wake wote ni nanomita 5 hivi, yaani ungepanga tando 200,000 moja juu ya nyingine ndipo upate milimita moja.

Vichwa vile huwa vimekumbatia maji, na hapo ndipo penye kizuizi. Tando mbili zinaweza kusogeleana bila taabu mpaka zikabakiza nanomita 2 au 3. Kuanzia hapo kila hatua ni ghali, kwa sababu lazima maji ya mwisho yabanduliwe kutoka kwenye vichwa, nayo hayabanduki kirahisi. Ongeza msitu wa sukari na protini uliofunika uso wa seli, utaona kwa nini kubanana peke yake hakutoshi.

Lakini kuna mahali ambapo mwili wenyewe unataka tando ziungane, tena haraka. Kunja kidole chako. Kwenye ncha ya neva inayoamuru msuli ule kulikuwa na vifuko vidogo vya utando, upana wake nanomita 40 hivi, vimejaa kemikali ya kupeleka habari, vimesubiri karibu kabisa na ukuta wa neva, yaani utando wake wa nje. Kila kifuko kimechomekwa protini iitwayo sinaptobrevini. Upande wa ukuta kuna sintaksini na mwenzake SNAP-25. Protini hizi ni kama meno ya zipu. Zinaanza kusokotana kwenye ncha zilizo mbali na utando, kisha msokoto unashuka kuelekea kwenye mizizi yake, na kwa kuwa mizizi imekwama ndani ya tando mbili tofauti, tando hazina hiari: zinavutwa mpaka maji yaliyo katikati yakimbie. Kalisiamu ikiingia, protini nyingine inayoihisi inaruhusu hatua ya mwisho, na kifuko hufunguka katika muda usiofika elfu moja ya sekunde.

Hata katika kasi hiyo kuna utaratibu. Safu za nje, zile zinazotazamana, huungana kwanza, na kwa kitambo kidogo tando zimeshikana nusu tu huku vilivyomo ndani bado vimetengana. Halafu safu za ndani nazo zinakutana, tundu linafunguka, kemikali inamwagika nje. Utafiti wa usafirishaji huu wa vifuko uliwapa James Rothman, Randy Schekman na Thomas Südhof Tuzo ya Nobel mwaka 2013.

Ukitaka kujua zipu hiyo ina uzito gani, tazama pepopunda. Sumu ya bakteria wake hukata sinaptobrevini kwenye neva zinazotuliza misuli. Vifuko vipo, kemikali ipo, ila hakuna wa kuvivuta mpaka ukutani. Amri ya "legea" haifiki, na msuli unabaki umekaza.

Virusi navyo vina ufundi wao. Kirusi cha influenza kikimezwa na seli hujikuta ndani ya kifuko ambacho kinazidi kuwa na asidi. Asidi hiyo ndiyo kengele yake. Protini yake ya juu, hemaglutinini, hufyatuka na kurusha mbele peptidi, yaani kipande kifupi cha protini, ya asidi amino (matofali ya protini) 20 hivi iliyokuwa imefichwa, ambayo inajichoma kwenye utando wa seli kama ndoana. Kisha protini inajikunja katikati, ncha inarudi kwenye shina, na tando mbili zinaletwa pamoja. VVU hutumia mkunjo wa namna hiyohiyo, na dawa ya enfuvirtide, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2003, ni peptidi ya asidi amino 36 iliyonakiliwa kutoka kwenye mashine ya kirusi chenyewe. Inawahi nafasi kabla protini haijajikunja, kirusi kinabaki kimeshika mlango bila kuingia.

Si kila peptidi inayojichoma kwenye utando huunganisha, hata hivyo. Melitini, iliyomo katika sumu ya nyuki, ina asidi amino 26 na kazi yake ni kutoboa. Mwaka 1987 mtafiti Michael Zasloff alieleza peptidi za kutoboa kutoka kwenye ngozi ya chura Xenopus laevis, baada ya kushangaa kwamba vyura aliowapasua walipona bila maambukizi ingawa walirudishwa kwenye maji yasiyo safi. Peptidi hizo zina chaji chanya. Uso wa bakteria una chaji hasi nyingi, ilhali seli zetu huficha sehemu kubwa ya lipidi zake hasi kwenye safu ya ndani. Ndiyo maana bakteria huathirika kabla yetu.

Na kuna seli ambazo kweli huungana na kubaki zimeungana. Kwenye kondo la nyuma, mpaka kati ya damu ya mama na mtoto ni tabaka moja pana lenye viini vingi visivyotenganishwa na kuta. Protini inayoziunganisha seli hizo ni sinsitini, na jeni yake ilitoka kwa kirusi cha kale kilichojiingiza katika urithi wa mababu zetu: kilikuja na zipu yake ya kuvunjia milango, na kila mimba ya binadamu imeitumia tangu hapo.