Bakteria wanavyoua ndugu zao kwa mkia wa kirusi

Kuna intern mmoja hapa maabara Mwanza alinijia na pleti ya kuoteshea bakteria mkononi anachekelea, "Dokta, nimepata faji!" Faji ni virusi wanaoshambulia bakteria, na kwa macho tu ungemkubalia. Pleti nzima ilikuwa imetanda Pseudomonas aeruginosa, yule bakteria msumbufu wa vidonda vya moto, mwenye ukijani na kaharufu fulani ka zabibu ambako ukikanusa mara moja hukasahau, halafu pale alipodondosha tone la majimaji yaliyochujwa kutoka kwa Pseudomonas mwingine pakawa wazi kabisa, hakuna kilichoota. Nikamwambia lizimue hilo tone, moja kwa kumi, tena moja kwa kumi, endelea hivyo hivyo, dondosha upya tuone kesho.

Sasa utamu wenyewe uko hapo. Faji anazaana, kwa hiyo ukizimua sana unafika mahali unaona vitundu vidogo vidogo vimetawanyika, kila kitundu ni kirusi mmoja aliyeanza kuua, akaacha watoto nao wakaendelea. Pleti yake ya pili haikuwa na kitundu hata kimoja, doa lilikuwa linafifia tu, la kwanza safi, linalofuata lina ukungu, mbele huko halipo kabisa. Yaani kinachoua kipo ila hakizaani. Hiyo ndo dalili ya piosini aina ya R, silaha ya protini ambayo Pseudomonas anaitumia kuua jamii yake.

Piosini zilielezwa na Mfaransa François Jacob mwaka 1954, na hii ya R ukiiweka kwenye maikroskopu ya elektroni utadhani ni faji aliyekatwa kichwa, maana faji mzima ana kichwa kinachobeba DNA na mkia wa kushikia bakteria. Na karibu ni hivyo kweli. Kuna faji wanaojificha ndani ya kromosomu ya bakteria, wanarithishwa kizazi kwa kizazi, na zamani huko jeni za kichwa zikapotea, za mkia zikabaki bakteria akazifanya zake. Aina ya R inafanana na mkia wa faji anayeitwa P2, aina nyingine, ya F, inafanana na mkia wa faji mwingine anayeitwa lambda. Hakuna kichwa, hakuna DNA, ni mkia mtupu.

Unavyofanya kazi: mwishoni una nyuzi zinazopapasa sukari za ganda la nje la bakteria, zikikuta sukari inayoendana nazo mkia unajishika hapo, ala yake, yaani ganda linalozunguka mrija, inajibana kwa nguvu, na mrija wa ndani unatoboa utando. Basi, chaji ya utando inapotea, ioni zinavuja, bakteria kwisha. Chembe moja tu inaweza kutosha kuua.

Watu huniuliza kwa nini aue ndugu yake wakati kuna bakteria wengine kibao. Jibu la kwanza ni hizo nyuzi, zinatambua sukari za jamii ya karibu, wa mbali haziwashiki. La pili ni njaa. Mvuvi wa dagaa pale Kirumba hana ugomvi na muuza maandazi, ugomvi wake ni na mwenye karabai na nyavu kama zake anayetega maji yaleyale. Bakteria wa jamii moja wanakula chakula kilekile, wanang'ang'ania sehemu ileile ya kidonda.

Gharama yake sasa, mimi bado inanishangaza: piosini haina mlango wa kutokea. Anayeitengeneza lazima apasuke. DNA yake ikiumia, kwa mwanga wa UV au hata kwa cipro (dawa ya kuua bakteria), protini ya RecA inaamka, breki inayoitwa PrtR inaachia, mikia inatengenezwa kwa wingi halafu seli inapasuka na kuimwaga. Wanapasuka wachache, dada zao wanabaki salama kwa sababu ganda lao haliendani na nyuzi za mikia yao wenyewe.

Si wote wanaojitoa mhanga hivyo. Vibrio cholerae, huyu wa kipindupindu tunayemjua vizuri huku kanda ya ziwa, ana mtambo wa kusukuma sumu nje ya seli, unaoitwa mtambo wa aina ya sita, nao ni ndugu wa mkia wa faji ila umefungwa ndani ya seli, anamchoma jirani na yeye anaendelea kuishi. Ulielezwa mwaka 2006. Mwaka 2015 watafiti wa Uswisi wakaonyesha kwamba akikaa juu ya kitini, yaani ganda la vijidudu vya majini, anauwasha huo mtambo, anaua jirani halafu anachukua DNA yake. Mauaji na wizi kwa pamoja, na mimi naona huo wizi ndo wa kutisha zaidi, maana jeni za usugu wa dawa zinaweza kuhama kwa njia hiyo.

Kuhusu tiba, wapo waliobadilisha nyuzi za mkia ili ushike bakteria wanaowataka, mfano E. coli O157 anayeharisha damu, na kwa panya wamezuia Clostridioides difficile (zamani Clostridium), anayeleta kuhara kukali, bila kuvuruga bakteria wengine wa utumbo. Nzuri sana, tena haibebi DNA kama faji mzima. Ila kuchagua kwake ndo kikwazo chake pia, lazima ujue ni Pseudomonas yupi aliye kwenye kidonda kabla hujaweka dawa, na kuotesha usaha bado kunachukua siku mbili tatu, kwa hiyo kwa hospitali zetu mimi ningeanza na kipimo cha haraka cha aina za ganda, dawa yenyewe ifuate.