Vikundi vya kuacha pombe Lubumbashi: maswali tunayoulizwa kila wiki

Kikundi cha kusaidiana ni nini?

Ni watu walioshindwa na pombe wanaokutana, mara nyingi kila wiki, kushikana mkono wasirudie kunywa. Hakuna sindano, hakuna hukumu. Mtindo unaojulikana zaidi ni wa Alcooliques Anonymes, ulioanza mwaka 1935 mjini Akron, Marekani, kwa wanaume wawili walevi: mfanyabiashara wa hisa na daktari. Hulipi ada. Sharti ni moja tu, uwe unataka kuacha.

Mume wangu anakunywa lutuku, ile pombe kali ya kienyeji, kila siku. Tumfungie nyumbani siku tatu, kisha tumpeleke kwenye mkutano akiwa hajalewa?

Hapana, mama. Msimfungie.

Mwili uliozoea pombe kila siku ukinyimwa ghafla hupatwa na msukosuko. Saa sita hadi nane baada ya kinywaji cha mwisho mikono huanza kutetemeka, jasho linatoka, usingizi unakataa. Degedege inaweza kuja ndani ya siku mbili za kwanza. Kati ya siku ya pili na ya nne wengine huchanganyikiwa kabisa, homa inapanda, moyo unakwenda mbio. Hapo mtu anaweza kufa, na hizo ndizo siku tatu mnazotaka kumfungia chumbani.

Mtu anayetetemeka asubuhi mpaka anywe aanzie kwa munganga, yaani daktari wa hospitali, kikundi kifuate. Msimwage hata chupa yake kabla ya kumfikisha huko. Hospitalini atapewa dawa za kutuliza zinazopunguzwa kidogo kidogo, pamoja na vitamini B1.

Tumekwisha kumfungia. Sasa anaona wadudu ukutani, na mchungaji anasema ni pepo, tufunge na kuomba.

Hospitali. Usiku huu huu, msingoje kupambazuke. Wadudu hao wanatoka kwenye ubongo ulionyimwa pombe ghafla, na munganga anajua dawa yake. Ombeni mkiwa njiani, hakuna atakayewakataza. Kumnyima chakula na maji mtu anayetoka jasho namna hiyo ni kumsukuma kaburini, tena tunawapokea wengi waliokwisha kukaa siku mbili katika chumba cha maombi.

Na wale wanaoita jirani aje kumtundikia seromu nyumbani: acheni. Glukozi bila vitamini B1 kutangulia inaweza kumharibu ubongo mlevi asiyekula vizuri.

Lakini yeye anakunywa bia ya Simba tu, si lutuku.

Ni pombe ile ile. Chupa kubwa kadhaa kila siku, kwa miaka, zinaleta kutetemeka kule kule na degedege ile ile.

Nitapata wapi kikundi?

Anza kwenye kituo cha afya cha kartie yako, umuulize muuguzi wazi wazi, bila kusema ni "kwa ajili ya rafiki". Uliza pia kwenye Centre Joseph Guislain, kituo cha magonjwa ya akili cha Frères de la Charité. Kisha parokia na makanisa, maana vikundi vingi duniani hukutana katika kumbi zao. Ukiambiwa kipo, uliza siku, saa, lugha wanayozungumza, na kama mkutano ni wa wazi, anapoingia hata ndugu wa mgonjwa, au ni wa wenye tatizo peke yao.

Anayejua Kifaransa na ana mega za intaneti za kutosha anaweza kuhudhuria mikutano ya Alcooliques Anonymes kwa simu, kamera ikiwa imezimwa. Na kama hakuna kitu karibu nawe, watu wawili au watatu wanaotaka kuacha wanatosha kuwa kikundi. Ila msikutane nganda, yaani baa, tafadhali. Wapo wanaojaribu.

Nitalazimishwa kusema? Majirani wa Katuba watajua?

Hulazimishwi. Unasema "leo nasikiliza tu", inatosha. Unatoa jina la kwanza peke yake, na yanayosemwa mle hayatoki nje. Kuhusu jirani: aliyekuona ukiyumba saa tatu asubuhi alijua zamani.

Na mimi mke wake?

Kuna Al-Anon, vikundi vya familia vilivyoanza mwaka 1951, navyo vina mikutano kwa simu. Nenda hata kama yeye amekataa. Hukumletea ulevi wewe, wala haumtoki kwa sababu umemfichia deni lake au umemdanganyia mkubwa wake wa kazi kwamba ana malaria.

Alihudhuria miezi miwili, akaanguka tena. Tuanze upya?

Akinywa jioni moja, arudi kwenye mkutano wiki hiyo hiyo, hawatamfukuza. Lakini akirudia kunywa kila siku kwa wiki nyingi, yale ya mwanzo yanarudi pia: asikatishwe ghafla, asifungiwe, apitie hospitali kwanza. Msiseme "mara ya kwanza alitetemeka tu, akapona." Kila mara mwili unapokatishwa pombe ghafla, msukosuko unaofuata unaweza kuwa mkali kuliko uliopita, na aliyetetemeka tu mwaka jana anaweza kuletwa kwetu safari hii akiwa na degedege.