Kivimbe cha milimita 8: kupasua au kufuatilia?

Mwezi uliopita alikuja kwangu mama mmoja wa Kisauni, mwalimu wa madrasa, akiwa na bahasha ya altrasaundi ya shingo aliyopigwa kwa sababu nyingine kabisa. Kwenye tezi ya thairoidi kulikuwa na kivimbe cha milimita 8, na majibu ya sindano ya kuchukua sampuli yalionyesha saratani ya aina ya papilari. "Daktari, nipe siku ya kupasuliwa tu," aliniambia. Nilimwomba tuzungumze kwanza, kwa kuwa neno saratani humkimbiza mtu kwenye kisu hata pale ambapo kisu kinaweza kungoja.

Hospitali ya Kuma, mjini Kobe nchini Japani, ilianza mwaka 1993 kuwafuatilia bila upasuaji wagonjwa wenye saratani za aina hii zisizozidi sentimita 1. Katika matokeo ya wagonjwa 1,235 yaliyochapishwa mwaka 2014, ndani ya miaka 10 uvimbe ulikua kwa milimita 3 au zaidi kwa takriban asilimia 8 yao, na saratani ilijitokeza kwenye tezi za limfu za shingo kwa asilimia 3.8. Hakuna aliyefariki kwa saratani hiyo. Tena wazee ndio ambao uvimbe wao ulitulia zaidi, ilhali walio chini ya miaka 40 walihitaji kuangaliwa kwa makini zaidi.

Hata hivyo, kabla ya ukubwa mimi hutazama mahali. Kivimbe kinachogusa bomba la hewa, au kilichokaa kwenye njia ya neva inayoendesha nyuzi za sauti, sishauri kiachwe, hata kikiwa cha milimita 5. Na saratani ikishafika kwenye tezi za limfu, hakuna mjadala wa kungoja. Cha mama huyu kilikuwa katikati ya tezi, kimezungukwa na nyama nzima pande zote.

Upasuaji nao una gharama zake mwilini. Mara nyingi kuondoa nusu ya tezi hutosha, lakini neva ile ikijeruhiwa sauti hukwaruza, na kwa anayesomesha Kurani sauti ndiyo kazi yenyewe. Ikiondolewa tezi yote, mgonjwa atameza levothyroxine, kidonge kinachochukua nafasi ya homoni ya tezi hiyo, kila siku maisha yake yote, tena tumbo likiwa tupu, jambo linalotulazimu kupanga saa upya kila Ramadhani.

Kufuatilia si kupuuza: ni altrasaundi kila miezi 6 kwa miaka miwili ya mwanzo, kisha kila mwaka. Baharia anayekaa melini miezi mingi, au mtu ambaye nauli na ada ya kipimo vitamshinda, ningependelea kumpasua kuliko kumpoteza.

Alirudi wiki iliyofuata pamoja na binti yake, wakachagua kufuatilia. Nimemwomba binti ndiye aitunze bahasha, kwa sababu bila picha hizi za sasa hatutakuwa na cha kulinganisha baada ya miezi 6.