Shinken: maana ya upanga wa kweli wa Kijapani

Mjapani akisema fulani anasoma kwa shinken, ana maana kwamba amezama katika masomo yake, hana mchezo. Neno lenyewe lina sehemu mbili: shin ni kweli, ken ni upanga. Zamani pambano la shinken lilikuwa la kufa na kupona. Siku hizi usemi huohuo hutumika hata kwa mechi, mradi wanaoshindana wamekusudia.

Kwa nini upanga uitwe "wa kweli"? Kwa sababu upo wa mazoezi. Wacheza kendo, mchezo wa Kijapani wa kupigana kwa panga, hutumia shinai, fito nne za mwanzi zilizofungwa pamoja. Upo bokuto, wa mbao ngumu, na huu usiudharau: inasimuliwa kwamba mwaka 1612 Miyamoto Musashi, mpiganaji mashuhuri wa upanga, alimuua mpinzani wake Sasaki Kojiro kwa upanga wa mbao. Wanaojifunza iaido, sanaa ya kuchomoa upanga alani na kukata papo hapo, wengi huanza na iaito, wenye umbo la katana ila ni wa mchanganyiko wa zinki na aluminiamu, hauna makali. Shinken ni ule wa chuma, uliofuliwa ukate, na ukishakata ubaki mzima.

Shinken anayoifahamu kila mtu ni katana: upanga wenye makali upande mmoja, urefu wake zaidi ya sentimita 60 bila mpini, uzito kama kilo moja hivi. (Msomaji wa Kilifi asijiulize sana, jina Katana la Wagiriama na neno hili vimekutana kwa sauti tu.) Huchomekwa mshipini makali yakitazama juu, kwa hiyo kuuchomoa na kukata ni tendo moja.

Sasa tuje kwenye shida iliyomsumbua kila mhunzi duniani. Chuma kigumu hushika makali, lakini kikipigwa huvunjika. Chuma laini hakivunjiki, ila hupinda na makali yake huisha upesi. Panga la shambani likigonga jiwe, makali yakibonyea unalinoa na palizi inaendelea. Vitani hakuna nafasi ya kunoa.

Wahunzi wa Japani walianza na tamahagane, chuma kinachopatikana kwa kuunguza mchanga wenye chuma pamoja na mkaa katika tanuri la udongo liitwalo tatara, siku tatu usiku na mchana. Tanuri la namna hiyo lilifufuliwa mwaka 1977 huko Okuizumo, mkoa wa Shimane, ili wahunzi wasikose chuma. Chuma hicho hufuliwa, hukunjwa, hufuliwa tena. Watu hupenda sana kusimulia habari za mikunjo, kwamba ukikunja mara 15 unapata matabaka zaidi ya 32,000. Hesabu ni sahihi, lakini lengo la mikunjo ni kutoa takataka na kusambaza kaboni sawasawa. Mimi nasema roho ya shinken iko kwenye udongo.

Upanga ukishapata umbo, mhunzi huupaka udongo uliochanganywa na unga wa mkaa na wa jiwe: mgongoni tabaka nene, kwenye makali tabaka jembamba. Kisha huutia motoni na kuzima taa. Gizani ndipo jicho huweza kusoma rangi ya moto, kwani joto likipungua au likizidi kidogo kazi imeharibika. Rangi ikikubali, upanga huzamishwa majini. Makali, yenye udongo kidogo, hupoa ghafla na kuwa magumu mno. Mgongo hupoa taratibu na kubaki mlaini kiasi cha kustahimili kishindo. Hapo ndipo katana hupata mpindo wake mzuri. Kwanza makali husinyaa na ncha huinama, halafu chuma cha makali kinapogeuka kigumu hutanuka na kuusukuma upanga ujipinde kuelekea mgongoni. Mara nyingine husikika mlio mfupi ndani ya maji. Ni ufa, na kazi ya siku nyingi imepotea.

Mpaka kati ya sehemu hizo mbili huitwa hamon, ule mstari mweupe kama wimbi unaoonekana upanga ukishasuguliwa kwa mawe. Panga za mapambo huchorwa mstari huo kwa asidi au kwa brashi ya waya. Unapendeza ukutani, lakini hausemi lolote kuhusu chuma.

Vitani kwenyewe katana haikuwa silaha ya kwanza. Samurai, askari wa jadi wa Japani, alitegemea upinde, kisha mkuki, na baada ya Wareno kufika kisiwa cha Tanegashima mwaka 1543, bunduki pia. Upanga ulikuwa wa pale adui akishasogea. Katika karne ya vita vya ndani, wahunzi wa miji ya Osafune na Seki walifua panga kwa wingi, rahisi, zisizo na madoido, na nyingi zimesahaulika. Nadhani zinastahili heshima zaidi ya wanayozipa watazamaji wa makumbusho, maana hizo ndizo zilizobebwa na askari wa kawaida. Mwaka 1876 serikali ya Mfalme Meiji ilipiga marufuku kutembea na panga hadharani.

Jambo la mwisho linahusu mpini. Katika panga nyingi za mapambo, chuma kisichoshika kutu huungwa kwenye msumari mwembamba ndani ya mpini. Ukiuzungusha kwa nguvu, upanga unaweza kuchomoka ukaruka. Katika shinken, shina la upanga huingia ndani kabisa ya mpini wa mbao uliovikwa ngozi ya taa, yule samaki, na kuviringishwa kamba. Vyote hivyo hushikwa na mekugi, kijiti cha mwanzi mkavu kinachopita kwenye tundu la shina. Mwanzi hauli kutu, na hata ukipondeka nyuzi zake huendelea kushika. Kwa hiyo kabla ya kukata, mwenye upanga hukipapasa kijiti hicho kwa kidole gumba. Kikicheza, upanga hurudi alani, na huchongwa mwanzi mwingine.